Amana: barua kwa mwanangu aliyeko Singapore

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu: "Baba, kisiwa chenyewe hakifiki hata nusu ya Unguja, maji ya kunywa wananunua Malaysia, sasa fedha zote hizi zimewafikaje?" Sikukujibu, vocha ilikuwa inakwisha. Na mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya benki miaka 31 halielezi jambo kama hili kwa dakika mbili.

Walipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, waziri mkuu wao, Lee Kuan Yew, alilia mbele ya kamera. Alikuwa na watu wasiofika milioni 2, na ajira hazikuwatosha. Haukupita muda, Januari 1968, Uingereza ikatangaza kwamba inaondoa majeshi yake. Kambi zile zilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya uchumi wao. Fikiria wafua nguo, madereva na wapishi waliokuwa wakila kwa kambi hizo.

Walikuwa na mshauri Mholanzi, Dk. Albert Winsemius. Yeye alimtafuta rafiki yake aliyekuwa Bank of America kule London, akamuuliza kama kisiwa kile kinaweza kuwa kituo cha fedha. Rafiki akamsimamisha mbele ya tufe la dunia. Asubuhi Zurich wanafungua, kisha Frankfurt, kisha London. London wakielekea kufunga wanawakabidhi New York, New York wanawakabidhi San Francisco. San Francisco wakifunga, dunia nzima ya fedha inalala mpaka Zurich waamke. Katika usingizi ule ndipo Singapore ilipokaa. Wewe unajua mwenyewe: ukila chakula cha mchana saa sita, huku kwetu ndiyo kwanza saa moja asubuhi. Wale waliigeuza tofauti hiyo ya saa kuwa mali.

Lakini visiwa vilivyokaa kwenye saa hizo ni vingi, kwa hiyo saa peke yake haitoshi. Mwaka huohuo wa 1968 serikali iliondoa kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla mtu hajalipwa chake, kwenye riba ya fedha za kigeni zilizowekwa na watu wasio wakazi. Hong Kong, mshindani wao, wakati ule haikukubali kuiondoa. Bank of America ikapewa kibali cha kwanza cha kupokea fedha hizo. Benki yenye kibali ilifungua daftari lake la pembeni: dola za wageni humu, fedha za nchi kule, zisichanganyike. Hivyo dola zilizokuwa zimetawanyika Asia zikapata pa kulala, na wakopaji wa Asia wakapata pa kuzichukua bila kwenda London. Udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa kidogo kidogo, ukaondolewa kabisa 1978. Hawakukurupuka.

Benki zenyewe zilikuwepo tangu zamani. Chartered Bank ilifika huko 1859 kwa ajili ya bandari. Makarani, mawakili na waandishi wa hati za meli walikuwa tayari wanaijua kazi.

Sasa nikwambie linalonigusa mimi. Goh Keng Swee, waziri wao wa fedha, alikataa serikali iwe inachapa noti kila inapopungukiwa. Noti waliyotoa ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni nyuma yake, shilingi kwa shilingi kama tungesema sisi. Mamlaka yao ya fedha, iliyoanza 1971, ikawa inachuja benki zinazotaka kuingia. Benki ya kimataifa ya BCCI iliomba leseni ikanyimwa, ikarudi tena ikanyimwa tena, ijapokuwa ilikuwa na wakubwa wa kuisemea. Mwaka 1991 BCCI ikafungwa duniani kote kwa udanganyifu, na waliolia hawakuwa wa Singapore.

Unajua kwa nini nalisema hili. Bibi yako Pemba aliuza karafuu za misimu mitatu, akaweka fedha kwenye benki moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja milango haikufunguka. Nilimpeleka mwenyewe. Alisimama juani tangu saa mbili, kitabu chake cha benki amekifunga kwenye ncha ya kanga, kila mara anakifungua kutazama ile namba ya mwisho kama bado ipo. Kwetu fedha ya benki inaitwa amana, neno lilelile la kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Yule mama alilielewa neno hilo kuliko wenye benki.

Usidhani huko kwenu ni malaika. Mwaka 1995 iligundulika kwamba Nick Leeson, aliyekuwa akifanya biashara ya masoko ya fedha kwa niaba ya Benki ya Barings ya Uingereza kwenye ofisi ya Singapore, alificha hasara kwenye akaunti namba 88888 mpaka zikafika pauni milioni 827. Benki hiyo, iliyoanza 1762, ikauzwa kwa pauni 1. Na Agosti 2023 wageni 10 walikamatwa huko kwa utakatishaji fedha, na mali iliyozuiwa ikapita dola bilioni 3 za Singapore. Mlango uliofunguliwa kwa wageni wema huingia na wabaya, na fedha chafu huja imevaa suti. Hilo linanitia wasiwasi kwako, kwa sababu karatasi za fedha kama hizo siku moja zitapita mikononi mwako, na mkubwa wako atakuwa na haraka.

Ukipata nafasi, niulizie kwa wazee wa kazi huko walikuwa wakifungaje mahesabu ya jioni kabla ya kompyuta. Sisi hatukutoka mpaka senti ya mwisho ilingane, hata ikifika isha.

Kitabu cha bibi yako ninacho kwenye kasha, bado kina mkunjo wa kanga. Namba ya mwisho imeandikwa kwa wino wa buluu, na nusu ya mhuri. Ukija likizo nitakutolea ukione.

Baba yako