Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023

Ndugu wanachama wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Semina mbili za uandishi, safari ya Bagamoyo na ukarabati wa tovuti ya chama vilifanyika kama tulivyopanga. Picha mlizipata, sitarudia. Kwa upande wa fedha, tulianza na salio la Sh 145,000. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada ya Sh 30,000 ni 27, yaani Sh 810,000. Tovuti na semina zilikula Sh 310,000, shughuli ya Mei 27 Sh 420,000, zimebaki Sh 225,000. Wanachama 37 hawajalipa hata shilingi, na baadhi yao ndio walionipigia simu usiku kulalamika.

Nije kwenye malalamiko hayo. Ni kweli, sherehe ya kufunga mwaka haitakuwepo. Fedha zake kamati ilizitumia Jumamosi ya Mei 27, siku WordPress, programu tunayotengenezea tovuti zetu, ilipotimiza miaka 20, kuwashukuru walioitengeneza. Sh 270,000 zilikuwa bando na chakula cha vijana watano walioshinda wakiitafsiri kwa Kiswahili, na Sh 150,000 tuliupelekea wakfu wake, WordPress Foundation. Nimeambiwa nimewapelekea matajiri wa Marekani pilau ya wanachama. Neno hilo limeniuma.

Mnisikilize. Mwaka 2001 Mfaransa wa Corsica, Michel Valdrighi, alianzisha programu ya kublogu iitwayo b2. Baadaye akaacha kuiendeleza, watumiaji wakabaki yatima. Januari 2003 kijana wa miaka 19 wa Houston, Matt Mullenweg, akaandika kwamba anafikiria kuichukua mwenyewe. Mike Little wa Stockport, Uingereza, akamjibu kwamba yuko tayari kusaidia. Hawakuhitaji kibali cha mtu, maana leseni ya b2, iitwayo GPL, inamruhusu yeyote kuichukua kazi, kuirekebisha na kuigawa, mradi naye asiwafungie wengine mlango. Mei 27, 2003 toleo la kwanza likatoka, kwa jina jipya la WordPress. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia, na zetu zimo. Nani hapa aliwahi kulipia programu yenyewe? Tunalipia jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi, basi.

Mullenweg ametajirika, sikatai. Lakini wengi wanaoibeba kazi hii hawana utajiri wowote. Kim Parsell, mama wa Kimarekani, alijitolea kuandika maelezo ya matumizi, yale tunayoyakimbilia tukikwama. Alipofariki, wakfu huohuo ulianzisha ufadhili kwa jina lake ili wachangiaji kama yeye wamudu nauli ya mkutano wa WordPress. Ndiko nilikotaka shilingi zetu ziende.

Na siku ile niliona kwa macho yangu. Kijana wetu mmoja aliganda kwenye mstari mmoja karibu nusu saa. Kiingereza kinasema kitu kimefutwa, na mahali pa jina pana alama ya %s tu. Kwao jina lolote linaingia. Sisi tuna ngeli: ukurasa umefutwa, picha imefutwa, maoni yamefutwa. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akaweka "Umefuta: %s", na sentensi ikakubali kila jina. Hakulipwa. Mtumiaji atakayeisoma hatamjua.

Wanaosema niliamua peke yangu wakumbuke kwamba mikutano ya Februari na Aprili niliitisha mimi. Akidi ni watu 32. Walikuja 14, kisha 11. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua akidi ikikosekana mara mbili mfululizo. Ukumbi wa Aprili niliulipia mfukoni mwangu, na sijadai.

Mwakani tunatarajia kuendelea na tafsiri, Mungu akijalia tukapata wafadhili, na kuangalia namna ya kufufua sherehe. Mistari 212 ya vijana wetu inasubiri kuidhinishwa na wahariri wa tafsiri. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.