Barua kwa mwanangu kabla hajailipia filimbi ya zamani

Mwanangu mpendwa,

Nimezipata picha za filimbi unayotaka kuinunua kabla ya kwenda chuoni, nami nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyomwambia mama yako. Ni chombo kizuri, siwezi kukataa. Fedha yake imeingia weusi wa miaka mingi, nakshi za bamba la mdomo bado zinasomeka, na kasha lake la mbao halijaguswa na fundi. Hata hivyo, hakuna picha hata moja inayoonyesha vizuri sehemu ya juu ya kiwiliwili, pale kichwa kinapoingia, ambapo huchongwa jina la mtengenezaji na namba ya mfululizo. Muuzaji amepiga picha vifuniko, springi, hata bawaba za kasha, lakini sehemu hiyo ameiacha chini ya kivuli cha mkono wake. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kusubiri upige simu: usitoe fedha kabla hujajua filimbi hiyo ilitengenezwa kwa kimo gani cha sauti, yaani noti zake ziko juu au chini kiasi gani.

Noti A, ile ambayo vyombo hulinganishwa nayo, leo ni mitetemo 440 kwa sekunde. Kiwango hicho kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, na filimbi nyingi za zamani zilitengenezwa kabla ya hapo. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Uingereza ilipiga kwa 452 hivi kwa muda mrefu, na bendi zake za kijeshi ziliendelea hivyo hata baada ya karne ya 20 kuanza, wakati Marekani kulikuwa na vyombo vilivyofika 457. Nusu toni moja, yaani hatua kati ya vibao viwili vinavyofuatana vya piano, ina senti 100 za muziki. Chombo cha 452 kiko juu ya wenzako kwa senti 47 hivi, na cha 457 kwa senti 66 hivi. Baadhi ya watengenezaji wa Marekani waligonga herufi L.P. kwa kimo cha chini au H.P. kwa kimo cha juu, karibu na jina lao. Ukiona H.P., funga kasha, mshukuru muuzaji, ondoka.

Atakuambia uvute kichwa nje kidogo na sauti itashuka. Itashuka kweli, lakini haitashuka sawasawa. Ukivuta kichwa milimita 10, umeongeza urefu uleule kwa kila noti, ilhali noti hazitumii urefu sawa wa bomba: C ya chini kabisa hutumia bomba lote, na C inayoifuata kwa juu hutumia karibu nusu tu. Kwa hiyo milimita hizo huishusha C ya pili karibu mara mbili ya zinavyoishusha ya kwanza. Utailinganisha A na piano, utafurahi, kisha utapanda kwenda B na C ukute zimelegea, na utashuka kwenda F na E ukute ziko juu. Hakuna pumzi itakayotibu jambo hilo katika kila mstari wa muziki, kwa sababu matundu yenyewe yamekaa mahali palipokusudiwa kimo kingine, na kuyahamisha ni sawa na kuitengeneza filimbi upya.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, nao hujificha zaidi. Filimbi nyingi za katikati ya karne ya 20, hata za watengenezaji wenye heshima, zilibaki na mpangilio wa matundu uliotokana na 435, kisha kichwa kikafupishwa ili A ifike 440. Hapo noti za mkono wa kushoto hupanda, hasa C♯ (C iliyopandishwa nusu toni) ile ambayo karibu vidole vyote viko juu, na noti za mguu, kipande cha mwisho cha filimbi, hubaki chini. Ndipo mtengenezaji wa filimbi Mwingereza, Albert Cooper, na wenzake walipozipanga upya nafasi za matundu, na watengenezaji wengi wakazifuata hesabu zake au kuzirekebisha. Najua utanijibu kwamba filimbi za Louis Lot, aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1855, zinapigwa na wapigaji wakubwa hadi leo. Zinapigwa, mwanangu, lakini na watu ambao midomo yao imekwisha kukomaa, na mara nyingi baada ya fundi bingwa kuzishughulikia. Wewe unakwenda kukaa katika safu ya filimbi pamoja na wanafunzi wengine, na siku ya kwanza mtu atapiga A ya obo, wala hatauliza chombo chako kilizaliwa mwaka gani.

Sasa nisikilize kuhusu kupima, kwa maana hapa ndipo ninapokuogopea zaidi. Una sikio jema, mwalimu wako alinieleza hivyo kabla hujajua kuzisoma noti, nami nilijivuna. Lakini sikio jema ndilo linaloficha kasoro ya chombo: midomo yako huirekebisha noti kabla wewe mwenyewe hujatambua, na baada ya nusu saa utaapa kwamba filimbi haina neno. Kwa hiyo usiitazame tyuna, kile kifaa kinachoonyesha noti iko juu au chini, unapopiga. Kwanza hakikisha kizibo kilicho ndani ya kichwa kiko mahali pake. Tumbukiza ufito wa kusafishia, na ule mstari uliochongwa karibu na ncha yake uonekane katikati ya tundu la kupulizia, yaani takribani milimita 17 kutoka kwenye kizibo. Bila hivyo oktava, yaani noti na ile ya jina lilelile juu yake, zitakudanganya, na utailaumu au kuisifu filimbi bure. Ipashe joto kwa pumzi kwa dakika kadhaa, kwa sababu filimbi baridi husikika chini. Linganisha A, halafu kichwa usikiguse tena.

Mpe rafiki yako tyuna, au hata programu ya simu, aandike anachokiona huku wewe umefumba macho na kupiga kila noti moja kwa moja, bila kupanda ngazi taratibu, kwa nguvu ya wastani. Aanze kukutajia C ya chini, kisha C♯ ya katikati, kisha D na D ya juu yake, kisha E ya oktava ya tatu, wala asikuambie kitu hadi mmalize. Baada ya hapo, shika vidole vya C ya chini na uongeze kasi ya pumzi mpaka izae C ya juu yake, halafu G, halafu C nyingine. Kila moja ilinganishe na noti ileile kwa vidole vyake vya kawaida. Tofauti ndogo ipo katika kila filimbi duniani, na kazi ya mpigaji ni kuimaliza. Senti 5 au 10 huko na huko zisikutishe. Ukiona upande mmoja wote umepanda na upande mwingine wote umeshuka, hapo unatazama mpangilio wa matundu, si uzembe wako.

Wala usikubali kupima filimbi inayovuja. Padi, ile iliyo ndani ya kila kifuniko, ni kitambaa cha sufu kilichofunikwa kwa utando mwembamba, na utando huo hukauka, huchanika na kujikunja pembeni. Chukua karatasi nyembamba kabisa, ikate kama utepe, iweke chini ya padi, funga kifuniko kwa uzito wa kidole tu, kisha uivute taratibu. Isikie ikishikwa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Halafu piga C ya chini kwa vidole vyepesi. Ikikulazimu kubonyeza kwa nguvu, chombo kinavuja, na tabia ya kubonyeza hukaa vidoleni miaka mingi baada ya filimbi kutengenezwa, kama ilivyokaa kwako kutokana na ile ya nyumbani, ambayo ilichelewa kupelekwa kwa fundi wakati wewe ukiambiwa uongeze mazoezi. Kubadilisha padi zote za filimbi ya zamani kunaweza kugharimu kuliko filimbi yenyewe. Mwombe fundi akupe hesabu hiyo kabla, siyo baada.

Umeandika kwamba hutaki kwenda chuoni na “filimbi ya watoto.” Neno hilo limeniudhi kidogo. Filimbi ya mwanafunzi iliyotengenezwa kwa uangalifu, kama zile za Yamaha za mfululizo wa 200, ina mpangilio wa matundu wa kisasa, hufunga vizuri, na fundi yeyote anaijua. Ni kweli kwamba mwili wake ni wa nikeli, shaba na zinki, ule mchanganyiko unaoitwa fedha ya nikeli ingawa hauna fedha hata chembe, na kwamba imechovywa fedha kwa juu tu. Lakini ukali wa ukingo wa tundu la kupulizia, na namna lilivyokatwa, una neno zaidi katika sauti kuliko fedha ya bomba. Theobald Boehm, Mjerumani aliyebuni filimbi ya kisasa, alipoitoa filimbi ya bomba lililonyooka mwaka 1847, alichohangaikia ni vipimo vya bomba na mahali pa matundu, na hapo ndipo nakuomba nawe uhangaike. Vifuniko vilivyozibwa, visivyo na tundu katikati, si aibu, na vifuniko vya G vilivyosogezwa pembeni ni nafuu kwa mkono wako mdogo wa kushoto. Ninachokukataza ni zile filimbi zisizo na jina ambazo vifuniko vyake hupinda kwa kushikwa tu. Mafundi wengi huzikataa, nao wana haki.

Kuhusu ile filimbi ya pili uliyoitaja, ya mpingo, sina mengi. Itazame kwa kioo cha kukuzia kuanzia tundu la kupulizia hadi mwisho wa kichwa, kwa sababu mti ukipasuka huanzia hapo mara nyingi, na ufa uliojazwa gundi huonekana kama mstari unaong'aa. Na kimo chake nacho upime.

Huku nyumbani mdogo wako amekwisha kulichukua kasha la filimbi yako ya kwanza na kulilaza karibu na kitanda chake. Nimemkataza kuing'arisha kwa dawa ya kusugulia fedha, kwa maana huingia kwenye vijiti vinavyobeba vifuniko na kuvigandisha; nimempa kitambaa kikavu tu. Itakwenda kwa fundi wiki ijayo, naye mama yako amekubali kwamba shughuli ya mapazia isubiri. Stendi ya noti nimeikaza skrubu, utaikuta tayari.

Mwambie muuzaji unataka siku za majaribio, na uipeleke filimbi kwa mwalimu wako wa sasa na kwa fundi kabla hujasema ndiyo. Akikataa siku hizo, amekwisha kukujibu. Nitumie picha ya jina na namba ya mfululizo, iliyopigwa mchana, bila mkono wa mtu juu yake. Nitumie pia karatasi aliyoandika rafiki yako, noti kwa noti, hata kama haipendezi. Fedha niliyoiahidi ipo, nayo haitapungua ukichagua filimbi mpya ya mwanafunzi. Itakayobaki utaitumia kwa masomo yako na matengenezo ya kila mwaka.

Nasubiri vipimo.

Baba yako