Maandalizi ya somo la milima na volkeno

Walimu wenzangu, habari za jioni. Wiki ijayo tunaanza milima na volkeno. Naomba tusianze kwa kukaririsha urefu. Mtoto anaweza kutaja mita 5,895 za Kilimanjaro bila kujua kwamba mlima wenyewe ulijengwa na lava.

Tuanze na chupa ya plastiki yenye soda. Itikisike, watoto waibonyeze wasikie ilivyokaza, ndipo kizibo kifunguliwe, nje ya darasa tafadhali. Povu likiruka, waambieni gesi iliyomo kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hufanya kazi hiyohiyo.

Kisha Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Lava yake hutoka nyeusi, nyepesi kama tope, halafu ikishapoa hugeuka nyeupe. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Hapo pasipite harakaharaka.

Swali la watu ndilo lipewe muda mrefu zaidi: kwa nini wakae karibu na hatari? Majivu ya volkeno huzaa udongo wenye rutuba, na Wachaga wamelima migomba na kahawa miteremkoni mwa Kilimanjaro kwa mifereji waliyochimba wenyewe. Lakini mwaka 2002 lava ya Nyiragongo, volkeno ya mashariki mwa Kongo, iliingia mji wa Goma na kuunguza makazi ya maelfu. Watu walirudi, wakajenga juu ya lava iliyopoa. Mtoto akisema "wajinga hao", tumuulize yeye angehamia wapi, na shamba angemwachia nani.

Mwenye jiwe la volkeno lenye vitundu alilete Jumatatu, lipite mikononi mwa kila mtoto.