Shukrani kwa daktari wa macho aliyemtibu mama yetu, Mtwara

Daktari, jina lako silitaji kwa kuwa sikukuomba ruhusa, ila shukrani hizi ni zako.

Mama ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Macho yalipoanza kuingia ukungu, sote nyumbani tuliilaumu salfa anayopulizia mikorosho. Wewe hukukisia. Ulimsomesha herufi ukutani, ukampima presha ya macho, ukamtia matone ya kutanua mboni, ukachunguza hadi nyuma ya jicho. Kisha ukakaa karibu naye ukamweleza: salfa huwasha macho, avae miwani ya kujikinga, lakini huu ni mtoto wa jicho. Lenzi yenyewe, ile ya ndani ya jicho, imeingia ukungu na hakuna tone la kuusafisha. Hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa ya bandia.

Mama aliogopa kisu. Hukumharakisha. Ulijibu hata maswali aliyoyarudia, na siku ya upasuaji, ganzi ikiwa ya jicho tu, ulimtajia kila hatua kabla ya kuifanya. Hilo ndilo analowasimulia majirani kuliko hata kuona kwenyewe.

Bingwa wa macho husoma udaktari miaka 5, hufanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1, ndipo aende kusomea ubingwa, kwa mfano Muhimbili au hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa elimu yote hiyo, bado ulimwamkia mama shikamoo kila alipoingia.

Sasa anachambua korosho zake mwenyewe. Mungu akuzidishie, daktari. Jicho la pili tutalileta msimu ukiisha.