Barua ya Wazi: Mheshimiwa Mkurugenzi, Tuwekeeni Hata Kibao Kariakoo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwa heshima. Barua mbili nilizoleta ofisini kwako kwa mkono wangu hazikujibiwa, na Jumanne iliyopita nyumba niliyokuwa naiombea imebomolewa. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Ni nyumba ya Kariakoo ambamo marehemu mama na wenzake walikuwa wakifanya mazoezi ya taarabu. Nilipofika saa tatu asubuhi nilikuta kifusi. Kijana mmoja fundi akanipa kipande cha mlango. Nikaketi nacho barazani kwa jirani, nikalia, mtu mzima wa miaka 71.

Baba yangu alikuwa mhudumu wa Dar es Salaam Club, klabu ya Waingereza pale Kivukoni. Kanzu nyeupe, sinia mkononi, mlango wake ulikuwa wa jikoni. Mwafrika hakuwa mwanachama mle. Wahindi nao walikuwa na klabu zao. Jengo lile lipo mpaka leo, likaja kuwa la Mahakama ya Rufani, na sina kinyongo nalo: jasho la baba limo. Lakini akitoka kazini, baba alikuwa mtu kamili huku Kariakoo, kwenye klabu zenye katibu, ada, sare na daftari la mahudhurio. Al Watan na Egyptian, klabu za taarabu, zilikuwa na mashabiki wa kufa na kuzikana. Na African Association, chama cha Waafrika kilichoundwa mwaka 1929, nayo ilikuwa na nyumba yake New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Humo ndimo TANU, chama kilichopigania uhuru, ilimozaliwa Julai 7, 1954. Watu waliofungiwa milango Kivukoni walijifunza kuongoza mikutano huku kwetu, Mheshimiwa!

Labda wataalamu wako huona urithi ni majengo ya Wajerumani na Waingereza tu. Labda ni bei ya viwanja. Mimi nakumbuka kikao cha mtaa mwaka juzi, ulipotuahidi kwamba nyumba hizi zitaorodheshwa kabla ya kibali chochote cha kubomoa. Nilikaa safu ya pili, nikaandika maneno yako.

Sidai nyumba tena. Naomba kibao, chenye jina la klabu ya mama na majina ya akina mama wenzake; ninayo yote kichwani. Kibao tu, Mheshimiwa, na mtu wa kuja kuyaandika ningali hai.

Fundi ameniambia msingi wa ghorofa unachimbwa Jumatatu.

Mkazi wa Kariakoo, mwalimu mstaafu