Gari lisilo na dereva likigonga, aulizwe nani?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa magari yanayojiendesha, hasa swali la nani awajibike ajali inapotokea. Wapo wanaosema ni yule aliyeketi kwenye usukani. Sikubaliani nao.

Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Uchunguzi ulibaini kuwa mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ila haikutambua kwamba ni mtu anayetembea kwa miguu. Breki za dharura alizoweka mtengenezaji wa gari nazo zilikuwa zimezimwa. Ni kweli msimamizi aliyekuwamo alikuwa akitazama simu, na hilo halina utetezi. Lakini aliyetiwa hatiani mwaka 2023 ni yeye. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Utingo kahukumiwa, mwenye basi kaenda zake!

Uingereza imepitisha sheria mwaka 2024 inayomwondolea aliyeketi kwenye usukani kosa la uendeshaji pale mtambo unapoendesha, na kuipa wajibu huo kampuni iliyoidhinishwa. Nchi ambazo hazijatunga sheria, yetu ikiwemo, zifuate njia hiyo. Bima imlipe majeruhi kwanza, kisha ndiyo imdai mtengenezaji. Na kumbukumbu za mtambo zikabidhiwe polisi siku hiyohiyo, kabla hazijapitia mikononi mwa mawakili wa kampuni.

Msomaji wako,
Morogoro