Barua kwa Mwanangu: Nani Anafunga Banda Magharibi?

Muheza, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku hatujambo, bibi yako akiwamo, na hofu yetu yote iko kwako na kwa hao bata wako wa Pangani. Jana kwenye simu ulinieleza habari ya bata wawili waliotoweka kwa haraka, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kisha ukahamia kwenye mambo ya kituo chenu cha afya, nami sikutaka kukukatiza wakati wenzako wanasikia. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Nilikuuliza swali ambalo ulilicheka badala ya kulijibu, kwa hiyo naliweka hapa kwa maandishi: siku unazoshinda kazini mpaka saa mbili usiku, nani anawaingiza bata ndani na kufunga mlango wa banda?

Usiniambie kwamba wanaingia wenyewe. Kuku huingia mwenyewe, kwa sababu jua likishuka macho yake hayamsaidii tena, naye hutafuta fito zake bila kuambiwa. Bata hana haraka hiyo. Akipata tope na kidimbwi cha maji ataendelea kuchokoa mpaka giza litande, na anayemtaka ndani lazima amswage. Zaidi ya hapo, bata wako ni hawa wenye nyama nyekundu usoni, ambao hawana makelele. Dume hufoka kwa pumzi tu na jike ana sauti ndogo, kwa hiyo hata ukiwa umelala chumba cha pili usitegemee kuamshwa na kilio. Atachukuliwa mmoja, wenzake watasogea pembeni, na wewe utajua asubuhi.

Umesema uliona manyoya machache karibu na ukuta, hukuona damu wala mzoga, na tayari umeanza kumshuku kijana wa nyumba ya nyuma. Mwanangu, kabla hujamtia mtu doa, soma alama. Nguchiro hufanya kazi yake mchana, na akiingia bandani hung'ata shingo za wengi kuliko anaoweza kuwala. Kicheche na kanu huja usiku, na penye upenyo wa kupitisha kichwa, mwili wote hufuata. Ukikuta bata amekufa amelala kando ya wavu na kichwa hakipo, jua kwamba alivutwa kupitia kwenye tundu alipokuwa amelala. Ngawa ana nguvu za kumbeba bata mzima na kumpeleka kichakani, akiacha manyoya mahali alipomkamatia tu, na hiyo ndiyo hali uliyoieleza. Chatu pia huacha manyoya machache au asiache kitu, lakini akimezea ndani ya banda mara nyingi hushindwa kutoka kwenye tundu aliloingilia, na ungemkuta asubuhi amejikunja na tumbo limemvimba. Sasa mwizi wa miguu miwili yeye hahangaiki na wavu. Hufungua komeo na kuondoka na zaidi ya wawili. Kwa maelezo yako mimi namshuku ngawa, tena nasema alimkuta bata nje, hakuvunja chochote. Unaona ninakoelekea.

Mayai nayo yana alama zake. Yakitoweka yote bila hata kipande cha ganda, aliyekuja ni kenge au nyoka, kwa sababu hao humeza zima zima. Na wewe unayekaa karibu na mto Pangani kenge hutawakosa, maana huko ndiko kwao. Ukikuta maganda yaliyopasuka karibu na jiwe au kisiki, huyo ni nguchiro, ambaye hulishika yai na kulirusha kinyumenyume katikati ya miguu mpaka lipasuke. Dawa ya wote hao ni kutowafungulia bata mapema mno. Bata wengi hutaga alfajiri na asubuhi mapema, hivyo ukisubiri mpaka kama saa tatu kabla ya kufungua, mayai mengi yatabaki bandani kwenye majani makavu badala ya kusambazwa vichakani.

Kuhusu banda lenyewe, nimeitazama kwa makini ile picha uliyomtumia baba yako. Ameionyesha kwa kila anayekuja kununua machungwa, akisema kwamba binti yake alianza na bata watatu na sasa ana kundi, na mimi sikumzuia kwa sababu ni kweli na inatufurahisha. Hata hivyo banda lako lina wavu wa kuku peke yake kuanzia chini hadi juu. Wavu ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie, na kwa hewa ya chumvi ya hapo Pangani utakula kutu kabla hujamaliza kuulipia. Futi tatu za chini zizungushie wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, uupigilie kwa nje na si kwa ndani, ili mnyama akisukuma ausukume kwenye mbao badala ya kuung'oa. Udongo wenu ni mchanga, na mchanga huchimbika kirahisi. Kwa hiyo chimba mtaro wa futi moja kuzunguka banda, shusha wavu humo, ukunje ncha yake kuelekea nje, kisha jaza mawe ya matumbawe ambayo hapo kwenu yapo mengi. Mwenye kuchimba huanzia pale pale ukuta unapokutana na ardhi, na akigonga wavu na mawe hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akachimbe upya. Juu, karibu na paa, acha nafasi ya hewa, kwa sababu bata huvukiza unyevu mwingi na banda lisilopumua litawaua kwa ugonjwa wakati wewe unashangilia kwamba hakuna mnyama aliyeingia. Ila nafasi hiyo nayo izibwe kwa wavu ule ule mgumu, maana kanu ni mpandaji.

Mlangoni weka komeo mbili na kufuli. Najua utasema kwamba mlango wa banda la hapa nyumbani tunaufunga kwa kamba ya katani, na ni kweli tunaufunga hivyo, lakini hapa kuna watu usiku na mchana, na pia baba yako ameahidi bawaba tangu masika yaliyopita.

Lakini banda likiwa zuri namna gani, mlango usipofungwa kabla ya giza umejenga bure. Narudia hilo kwa sababu nakufahamu. Utanunua wavu, utanitumia picha, halafu siku ya zamu ndefu utasema leo tu. Lililo bora ni mtu wa kudumu. Yule mama jirani yako anayeuza vitumbua, ambaye yupo nyumbani kila magharibi, mwombe kwa heshima, umpe mayai kila wiki bila kusubiri akukumbushe. Mwanawe usimtegemee, kwa sababu saa ile watoto wapo uwanjani na mpira. Mrahisishie mama huyo kazi: chakula cha jioni, pumba zako na vumbi la dagaa, kiwekwe ndani ya banda tu na kamwe kisiwekwe nje, ili bata wazoee kwamba jua likishuka shibe iko ndani, nao watamfuata mwenye bakuli kama wanavyonifuata mimi. Wakimaliza kula, chakula kilichobaki kitolewe. Mabaki huita panya, panya huita nyoka, na bata akila pumba kavu bila maji karibu huweza kupaliwa. Bata wazima waliokula na kunywa jioni hawadhuriki kwa kukaa bila maji mpaka asubuhi. Kisha awahesabu. Hesabu ya jioni ndiyo inayokuambia kwamba kuna jike amejificha mahali anaatamia, na jike anayeatamia nje ndiye wa kwanza kuliwa, kwani bata wa aina yako hukaa juu ya mayai kwa takriban siku 35 na usiku haondoki hata akiona hatari.

Kama mama huyo atakataa, basi siku za zamu ndefu usiwaachie kabisa. Usiwafungie bandani tangu mchana, kwa maana joto la Pangani litawamaliza. Watengenezee uwanja mdogo ulioungana na banda, wenye kivuli na beseni la maji, uliozungushiwa wavu mgumu pande zote na juu, wakae humo mpaka urudi. Huo uwanja unakuongezea saa chache tu. Si mahali pa kuwalaza.

Vifaranga wana adui mwingine ambaye huku bara hatumwoni kwa wingi kama ninyi, nao ni hao kunguru walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakasambaa pwani nzima. Kunguru hushirikiana, mmoja humchokoza mama, mwenzake huchukua kifaranga. Mwewe naye huja peke yake na hukawia kidogo juu kabla ya kushuka. Kwa hao wawili nenda kwa wavuvi, uombe au ununue nyavu kuukuu, uzitandaze juu ya sehemu ya vifaranga kwa urefu wa kutosha mtu kupita. Nyavu hizo ni za juu tu. Ukizitumia ukutani kicheche atazitafuna kwa dakika, na bata watajinasa shingo. Wakati wa mvua angalia siafu, ambao humvamia jike kiotani na kumaliza vifaranga wote kwa usiku mmoja. Ukiona msafara wao unaelekea bandani mwaga majivu ya moto mbele yao na uhamishe kiota mara moja, usingoje kupambazuke.

Umesema mtu kazini amekushauri utegeshe nyama yenye sumu. Hilo nalikataa, na baba yako amelikataa kwa ukali kuliko mimi. Sumu haimchagui ngawa. Italiwa na paka wa jirani, na mbwa, na pengine mtoto ataokota, na wewe ndiye unayejua zaidi yetu wagonjwa wa namna hiyo wanavyofika kituoni. Isitoshe wanyama hao wana sheria yao ya mwaka 2009 inayowahifadhi. Akikusumbua mnyama mkubwa, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Suala la kukata manyoya ya bawa tumebishana na baba yako jioni nzima. Yeye anataka wote wakatwe bawa moja wasiruke ukuta. Mimi naona ukate wale warukaji peke yao, kwa sababu bata asiyeweza kuruka hana hata nafasi ya kumkwepa mbwa. Amejitolea pia kukuletea kanga wawili, akidai kwamba hupiga kelele wakiona kitu kigeni, na ni kweli hupiga, ila hupiga hata kwa mpita njia na kwa gunia lililoanguka, na wewe unayelala mchana baada ya zamu ya usiku utawachukia kabla wiki haijaisha. Waache wabaki hapa.

Machungwa mwaka huu si mabaya, lakini walanguzi wanataka kuyachukua kwa bei ya kutupa. Tukishauza gunia la kwanza nitakununulia wavu mgumu, na utakufikia kwa gari la asubuhi pamoja na ile sufuria yako kubwa uliyoisahau na dawa ya goti ya bibi iliyobaki, ambayo anataka uitazame kama ndiyo yenyewe aliyoandikiwa. Mdogo wako anadaiwa sare ya shule. Usimtumie pesa yeye, nitumie mimi. Bibi ameshasema kwamba Idd ijayo anamtaka bata kutoka kwako na si wa hapa, kwa hiyo yule dume mweupe usimuuze.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Sitaki picha ya banda. Niandikie jina la mtu atakayefunga, na kama umeshazungumza naye au bado unakusudia.

Wasalaam,
Mama yako